Mama Ndala hahesabu vichwa tena

Saa mbili na robo asubuhi, kwenye gati la boti za wageni, mwanamke wa miaka arobaini na sita amesimama mlangoni mwa boti, kreti la plastiki miguuni pake, anawavua watu viatu.

"Viatu, kaka. Vyote viwili. Na wewe mama, hata hizo ndala. Usinikazie macho, utazipata."

Wageni wanacheka. Wamekuja kuuona mji ambao matangazo husema una bahari mlangoni na msitu uani. Tiketi yao inawaahidi vyote kwa siku moja: asubuhi matumbawe, mchana msitu wa mvua. Hawajui kwamba huyu anayewachekesha ana barua mbili za onyo ndani ya mkoba, na kwamba ya tatu huenda ikamfukuzisha kazi.

Wenzake wanamwita Mama Ndala. Ni mhudumu wa boti kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Anagawa miwani ya kuzamia na mapezi, anakata matunda, anasafisha choo, na kabla boti haijaondoka kwenye matumbawe anahesabu watu. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomtia matatani.

Nahodha anamletea karatasi. Imeandikwa kwamba abiria arobaini na mmoja wamehakikiwa wote kurejea botini saa sita kamili mchana. Saa ya chumba cha usukani inaonyesha saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Hakuna abiria hata mmoja aliyelowa unyayo.

"Dada, weka sahihi twende," anasema nahodha.

"Niweke sahihi kwamba wamerudi? Kwani wameenda wapi?"

"Ofisi ndiyo imeandika, sio mimi."

"Basi ofisi iweke sahihi."

Nahodha anaikunja karatasi mara nne na kuitia mfukoni. Boti inaondoka bila sahihi.

Mwandishi wa habari hii aliisoma karatasi ile mara mbili, akidhani macho yanamdanganya. Hayakumdanganya. Ni uongo uliopigwa chapa na kugongwa muhuri asubuhi na mapema, ukaletwa kwa mwanamke ambaye mshahara wake wa mwezi haufiki bei ya tiketi tatu za safari hiyo, ili likitokea la kutokea jina liwe lake. Watu walioiandaa hawana mshipa wa aibu.

Na la kutokea lilishatokea, mwaka jana.

Siku hiyo abiria walikuwa thelathini na wanane. Boti mbili za kampuni hiyohiyo, zote za buluu, zilikuwa zimefungwa kwenye maboya karibu karibu. Mama Ndala alihesabu vichwa kama alivyofundishwa, akapata thelathini na wanane. Akampungia nahodha mkono, wakaondoka.

Walipokuwa wameshatembea robo saa hivi akaanza kugawa viatu. Kijana mmoja akamwuliza raba zake nyeupe ziko wapi. Mama Ndala akapekua kreti. Raba nyeupe hazikuwemo. Kilichobaki chini ni jozi moja ya makubadhi ya ngozi, kamba ya kushoto imeshonwa kwa uzi wa buluu, na hakuna aliyeyataka.

"Nilisimama pale kama nimepigwa na radi," anasema. "Mtu hana viatu, na viatu havina mtu. Nikaelewa. Huyu kijana alipanda boti siyo. Ya kwao iliondoka zamani, hawakuhesabu hata kidogo. Na mimi nimemhesabu yeye mahali pa mtu wangu."

Nahodha alisema hesabu imetimia na basi la msituni linasubiri. Mama Ndala anakiri kwamba alimtukana, tena matusi ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Boti ikageuzwa.

Mwenye makubadhi, mwalimu mstaafu wa miaka sitini na nane, walimkuta amekumbatia boya, sauti imekauka kwa kuita, magoti yamechanwa na matumbawe. Walipomvuta juu hakushukuru. Aliuliza neno moja.

"Mlinihesabu?"

"Nikamwambia ndiyo, mama, nilikuhesabu," anasema Mama Ndala, na hapo anageuza uso kuelekea baharini. "Ningemjibu nini? Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Bado nina hasira na mimi mwenyewe. Lakini wao nina hasira nao zaidi, maana mimi nilijifunza."

Kampuni ilijifunza nini? Wiki hiyo ilimwandikia barua ya kwanza ya onyo. Kosa lake: kuchelewesha safari na kuwatia wageni hofu. Mwalimu hakutajwa popote.

Tangu siku hiyo Mama Ndala hahesabu vichwa. Kabla boti haijafunguliwa kwenye boya, kila mgeni husimama mbele ya viatu vyake. Ndala zinazofanana, ambazo wageni wengi hununua kwenye kibanda cha nje ya geti, huziandika namba kwa chaki. Zoezi hilo huchukua karibu robo saa. Kwa robo saa hiyo alipewa barua ya pili.

Meneja wa safari alizungumza na mwandishi kwa simu, kwa sauti ya upole sana. "Mgeni amelipia likizo, hakulipia kupangwa mstari kama mfungwa. Halafu lile kreti linaharibu picha. Sasa hivi kila mgeni ana bangili yenye namba, mashine inamsoma anapopanda hapa gatini."

Anapotoka kwenye maji je, inamsoma?

"Hilo tunalifanyia kazi," alisema meneja.

Nyumbani, kwenye vyumba viwili vya kupanga nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, Mama Ndala anaishi na binti zake wawili na mama yake mzazi mwenye presha. Hapo nako hapati mtetezi.

"Mama ananiambia saini tu mwanangu, unga ukimwagika tutakula nini? Ana haki ya kuuliza. Lakini nikifumba macho naona yale makubadhi."

Saa sita kamili, kwenye matumbawe, wageni wameshapanda. Maji yanawachuruzika, wanaonyeshana picha za samaki. Nahodha anapiga honi. Mama Ndala anaburuta kreti hadi katikati na kuanza kumwaga viatu sakafuni.

"Tunachelewa msitu!" analalamika mgeni mmoja.

"Msitu una miaka mingi, baba, hautaondoka leo. Simama kwenye viatu vyako."

Wanajipanga shingo upande. Mwisho inabaki jozi moja ya raba nyeusi katikati ya sakafu, peke yake. Kicheko kinakatika. Mama Ndala anaita mara moja, mara mbili, na sauti yake ya utani haipo tena. Ndipo mlango wa choo unafunguka, na mzee mmoja anatoka akifunga suruali.

Boti nzima inavunjika mbavu. Mama Ndala hacheki. Anamnyooshea nahodha mkono, naye anaitoa ile karatasi mfukoni.

Anaikunjua, anafuta "saa sita kamili" kwa mstari mmoja, anaandika saa sita na dakika kumi na nne, na kuweka sahihi.

"Hapo nimejiandikia barua ya tatu," anasema.

Hakukosea. Gatini basi la msituni linanguruma, na karani wa kampuni anamsubiri na bahasha. Anaitwa kwenye kikao cha nidhamu siku ya Ijumaa. Na kuanzia Jumatatu viatu vyote vitabaki kwenye rafu ya ofisini. Kreti haliruhusiwi botini.

Anaisoma barua amesimama. Kisha anaeleza mpango wake. Yeye na yule mwalimu mstaafu wameiandikia mamlaka ya bandari, wakitaka ofisi yoyote ipigwe marufuku kuandika idadi ya waliorudi kabla hawajaenda. Barua ilichukua majuma matatu, kwa sababu mwalimu aliirudisha mara tano ikiwa na kalamu nyekundu. Majibu hayajaja.

Na yakichelewa kuja?

"Wamesema nisichukue viatu. Sawa. Nitachukua kiatu. Cha kushoto tu, nakitia kwenye mkoba wangu. Tuone nani atapanda basi la msituni na kiatu kimoja bila kunitafuta."

Na wakimfukuza Ijumaa?

"Atakayekuja badala yangu nitamfundisha hapahapa gatini. Hili ni gati la umma, hawawezi kunifukuza."

Wageni wameshaondoka. Kwenye kreti, ambako viatu vilirudishwa baada ya zoezi, imebaki jozi moja, ya mwandishi. Mama Ndala anampa cha kulia. Cha kushoto anakishikilia mpaka amemtazama vizuri usoni.

"Arobaini na mmoja," anasema, na kumpa.