Jamvi la Matanga Bila Maiti

Kabla ya lami, barabara yetu ya Likoni ilikuwa na mashimo, na mashimo yale, nasema kweli, yalikuwa na huruma kuliko watu. Lori lilipita likiyumba, hata kuku wakapata wasaa wa kutoka. Kisha ikatiwa lami, miaka michache kabla ya uhuru, nasi tukashangilia kama wajinga. Tangu hapo malori ya mchanga yakawa yanapita mbiombio katikati ya nyumba zetu, yakiwahi feri.

Nilikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, ambaye homa ilimwachia uhai ikamchukulia masikio. Hakusikia hata radi. Bomba la maji lilikuwa ng'ambo ya barabara, naye akipenda maji kama bata. Nikifunga mlango, alitokea uani. Nikimchapa, alilia, kisha akaenda. Nikipika, nusu ya akili ilikuwa barabarani; wali wangu uliungua sana miaka ile, na mume wangu aliula kimya.

Tuliomba mwendo upunguzwe. Kikaletwa kibao cha maili ishirini, kizuri, cheupe. Madereva wakakipita kama hawakioni. Ukiwalaumu, jibu lao lilikuwa moja: "Si nimepiga honi, mama?"

Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, ndiye aliyetambua wanachokiogopa. Palipokuwa na matanga mtaani, wanaume wameketi nje jamvini, hakuna lori lililokimbia. Hata madereva wa bara walivua kofia.

"Hawa hawaogopi kibao," akasema. "Waogopa maiti. Basi na tutandike."

"Na maiti tutamtoa wapi?"

"Jamvi halisemi uongo, mwanangu. Jamvi ni jamvi tu."

Akatandika alasiri, wakati malori yalipozidi. Wazee waliozoea kucheza bao barazani kwetu wakashawishiwa kwa kahawa, wakaketi kimya. Na wallahi malori yakatambaa. Mwanangu akavuka na kindoo chake, akarudi salama. Ilinipasa nifurahi, lakini niliogopa. Kwetu hapana mtu atandikaye matanga ya mzima. Mauti hayafanyiwi mzaha, na mimi nilijua vyema ni nani mtaani pale aliyekuwa karibu nayo.

Alasiri moja dereva akasimamisha lori kabisa. Alikuwa kijana wa Kiislamu, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Akatoa salamu, akachutama ukingoni mwa jamvi, akafungua viganja.

"Poleni, wazee wangu. Tumsomeeni Fatiha marehemu. Ni nani aliyetangulia?"

Wazee waliinamisha vichwa, maana kumtaja mzima pale hakuna ulimi uliothubutu. Kijana akadhani ni majonzi. Akaanza, "Bismillahi..."

Nilitoka mlangoni mbio, kichwa wazi, mbele ya wanaume. Nikamshika mikono nikaishusha.

"Usisome! Bado! Bado hajafa!"

"Nani, mama?"

Nikamwonyesha bombani, mwanangu amechuchumaa, ametugeuzia mgongo. "Hasikii," nikasema.

Dereva hakuniamini. Akaenda kwenye lori lake akapiga honi, ndefu, mpaka kunguru wakaruka mapaani. Mtoto hakugeuka. Aliendelea kuchezea maji.

Yule kijana aliketi chini kando ya gurudumu akafunika uso. "Subhanallah," akasema. "Nami kila siku nampigia honi, naona anapisha, nikidhani amesikia." Kisha akapanda, akaondoka polepole hata mtu wa miguu angeweza kumpita.

Mavyaa alikuwa amekwisha kulikunja jamvi. Fatiha ilikwisha kuanzwa juu ya mjukuu wake, naye hakutaka kuisikia ikimalizwa. "Halitandikwi tena," akasema, akaliingiza ndani. Wazee wakajiinukia mmoja mmoja bila kuaga.

Nikabaki nimesimama ukingoni mwa lami. Kutoka upande wa kusini lilikuwa linakuja lori jingine, nalo halikuwa na sababu ya kupunguza mwendo. Ng'ambo, mwanangu alikwisha kuinua kindoo chake na kuniona. Akacheka, akaanza kuja.

Nilimwahi, alhamdulillahi. Lakini kesho yake malori yalikuwapo, na sikuwa na kingine cha kuwatisha madereva.