Mita Mia za Kwenda na Kurudi

Sisi tuliosoma enzi za kwenda shule na fagio na kidumu cha maji tunajua mbio. Watoto wa siku hizi ukiwatuma dukani wanaulizia bodaboda. Kwetu Mpimbwe, mpunga ukianza kukomaa, ukitoka shule unatupa daftari, unakimbilia shambani kufukuza ndege. Unapiga debe, unakimbia mpaka tuta la mwisho, unageuka, unarudi, maana ukifika huku wao wameshahamia kule. Mama alikuwa akitupigia kelele, "Nyie, ndege wakimaliza mpunga mtakula mabua?" Jioni tunakula ugali kwa migebuka, samaki wakavu wa Karema, tunalala kama magogo.

Shamba letu lilipakana na la kina Skolastika, tuliyemwita Skola. Huyo mtoto alikuwa na mbio, jamani! Mimi nilikuwa wa pili shule nzima, lakini kuwa wa pili kwa Skola ni kuona mgongo wake tu.

Uwanja wa shule yetu ulibanwa na mashamba, haukufika hata mita sitini. Kwa hiyo mwalimu wa michezo alichora mistari miwili, akatuambia mita mia ni kwenda na kurudi. Tukakariri hivyo. Hakuna aliyewaza kwamba kwingine wanakimbia vingine.

Tulipofika darasa la sita tukapakiwa kwenye lori kwenda Mpanda, michezo ya wilaya. Tulilala kwenye madarasa ya shule moja ya Majengo, na maandazi ya mjini tukayaona makubwa ajabu. Kesho yake wakaitwa wasichana wa mita mia. Atakayeshinda anakwenda Sumbawanga, makao ya mkoa wetu wakati huo, na anapewa raba. Mimi na Skola hatukuwahi kuvaa raba.

Filimbi ikalia. Skola akachomoka, akatuacha wote. Katikati ya uwanja akageuka, akaanza kurudi alikotoka kwa kasi ileile, anatabasamu! Tukapishana uso kwa uso. Nusura nami nigeuke, ila nikaona kule mbele watu wameshika kamba, nikaendelea. Nikawa wa kwanza. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Skola alisimama peke yake pale tulipoanzia, analia kwa sauti, kamasi mpaka mdomoni, "Nimekosea mimi! Nimekosea!"

Mwamuzi alishaandika jina langu. Zile raba nilizitamani, sitaki kudanganya, lakini roho ilikataa. Nikamfuata yule mwamuzi. "Shikamoo mwalimu. Kwetu mita mia ni kwenda na kurudi. Huyu hajashindwa."

Akanitazama. "Na unajua mkirudia atakushinda?"

"Najua."

Mbio zikarudiwa, akanishinda. Akaenda Sumbawanga na raba zake, na kutoka hapo hakushikika tena. Akawa bingwa wa taifa, jeshi likamchukua, akapanda ndege kwenda kukimbia huko ng'ambo. Mimi niliolewa, nikalima mpunga. Kila alipotajwa redioni nilifurahi, nikawaambia wanangu huyo nimekimbia naye.

Alipostaafu alirudi nyumbani, akagombea udiwani, akapata. Sasa anataka ubunge. Juzi alifanya mkutano hapa kijijini, vijana wakamzunguka na simu zao kama vile hawana macho ya kutazamia. Nikakaa mbele na binti yangu.

"Ndugu zangu," Skola akasema jukwaani, "nilipokuwa mdogo, mwenzangu mmoja aligeuka katikati ya mbio, watu wakamcheka. Mimi nilishashinda. Lakini nikamwambia mwamuzi, rudieni, huyu hajashindwa. Ndivyo nilivyo, sipendi mnyonge aonewe!"

Makofi, vigelegele. Binti yangu akanisogelea. "Mama, kumbe aliyegeuka ni wewe?"

Mkutano ulipokwisha Skola alinifuata, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akanong'ona, "Dada, hizi ni siasa tu, usichukie." Kisha akaenda kupigwa picha.

Enzi zetu mtu alikosea mbele ya Mpanda nzima, akalia, akasema nimekosea mimi. Yule mtoto ndiye niliyempa nafasi yangu, na miaka yote sikuwahi kujuta. Nimeanza kujuta juzi.