Dua Niliyoiombea Timu ya Mzungu

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu msimamo wa ligi ya daraja la pili ya Uingereza. Ile timu bado imo, wallahi! Nikasikia harufu ya vitunguu.

Baba alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja, Likoni. Mzungu yule alisema timu yake ikipanda daraja la kwanza, atarudi kwao kuitazama. Nikajua baba atakosa kazi.

Jioni ya mechi ya mwisho nilijibanza jikoni, redio ikikoroma sebuleni. Nikaomba wafungwe, wafungwe. Wakafungwa.

Baba aliweka mwiko chini, machozi yakimlengalenga.

"Tumefungwa, mwanangu."

Tumefungwa! Kumbe ilikuwa timu yake pia. Baba alifariki, na radhi sikumwomba.