Kiti cha Mama kwa Dakika Moja

Mume wangu ni fundi video, na mtaani wanamwita Bado. Jina alilipata enzi za kamera kubwa za begani. Watu wakikaa kutazama filamu yake ya harusi, wageni wakaanza kusinzia, mtu akauliza kama imekwisha, yeye hujibu, "Bado." Filamu zake zilianza na mawingu, yakaja maua, vikaja viatu vya bwana harusi vikiwa peke yake kitandani, ndipo binadamu wa kwanza akaonekana. Nampenda hivyo hivyo, lakini ukweli usemwe, zilikuwa ndefu.

Sasa dunia imegeuka. Watu wanataka video ya dakika moja, iliyosimama wima kama simu inavyoshikwa, na ianze na utamu wenyewe, maana kidole cha mtazamaji hakina subira. Bwana harusi anarekodiwa na binamu yake kwa simu, na video inahaririwa garini kabla hawajafika ukumbini. Wateja wa Bado wakapungua mpaka wakaisha. Kaka yake akamtafutia kazi ghalani, ya kupokea mizigo, aanze Jumatatu. Bado akasema ataenda. Alisema hivyo huku anafuta lenzi, na roho ikaniuma, kwa sababu mtu wa kwenda ghalani hana haja ya kufuta lenzi.

Mimi ni fundi makochi, na karakana yangu ndiyo chumba chetu cha mbele. Nikamwambia, "Baba watoto, kabla hujaenda huko, nitengenezee video moja ya kazi yangu. Fupi. Unajua maana ya fupi?"

"Naijua," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa.

Kiti kilichokuwa na zamu siku hiyo kilikuwa cha mama yangu, anayeishi nasi. Mama masikio yamemgomea. Ukitaka kumwambia jambo, upige kelele mpaka majirani waitike, kwa hiyo siku hizi tunamwambia ya lazima tu: chakula tayari, maji ya kuoga yapo. Naye kila siku ananiuliza, kwa sauti ya kusikika barabarani, "Hivi huyu mumeo anafanya kazi gani?" Bado hujifanya anatafuta betri ya kamera. Mama mkwe utamjibu nini?

Basi akailaza kamera yake kubwa ubavu, akaifunga kwenye stendi kwa mikanda yangu ya makochi, ili picha itoke wima. Simu aliikataa. Simu, anasema, ni ya kupigia. Mimi nikakivua kiti kitambaa, nikang'oa pini, nikatupa sponji iliyooza, nikaanza kukivisha upya, huku naongea kama kawaida yangu, maana mdomo ukifungwa mikono nayo inagoma. Asubuhi nzima ikaenda hivyo.

Akajifungia ndani ahariri. Alipotoka, uso ulikuwa umemshuka.

"Nimeshindwa kukata," akasema. "Kila kipande kina maana."

"Sasa?"

"Nimeikimbiza."

Mungu wangu. Hakutupa hata kipande kimoja. Asubuhi nzima ameibana ndani ya dakika moja: mikono yangu inaruka, kiti kinavua nguo na kuvaa nyingine, na sauti yangu imekuwa ya kifaranga. Kwa kuwa hakuna neno lililosikika, akachagua maneno yangu machache akayaandika chini ya picha. Mimi sikuwa na muda wa kusoma. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni.

Yeye hakucheka. "Hii si filamu, ni mzaha," akasema. "Jumatatu naenda ghalani."

Kwa ubishi wangu nikaiweka mtandaoni vilevile. Kesho yake akaja kinyozi wa jirani, kawaonyesha wateja wake wote, naye anataka ya kwake, kichwa kitoke msitu mpaka upara. Fundi baiskeli naye akaja. "Siku hizi video za hivi ndizo zinazotazamwa," akamwambia Bado. "Watu wako foleni, wako kazini wamejificha, sauti wamezima, wanasoma maandishi." Bado akawashukuru kwa adabu, akasema kuna vijana watawatengenezea. Nilitamani kumrushia nyundo.

Jumapili mchana mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, nikampa simu ajionee kilivyotengenezwa. Bado alikuwa mlangoni, anapanga kamera ndani ya sanduku. Mama akavaa miwani, akatazama, midomo ikaanza kusogea. Akasoma kwa sauti yake ile kubwa:

"Mama alikuwa anakaa kwenye kiti hiki ananisuka. Nikisinzia naangukia goti lake, na yeye anasuka polepole asiniamshe. Ninayo mengi ya kumwambia, ila yote siwezi kuyapigia kelele."

Nilisimama na stepula yangu ya kupigia pini mkononi kama mjinga. Niliyasema kweli, nikiongea na kiti, nimesahau kamera.

Mama akanitazama. "Haya umesema wewe?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyaficha. Akanishika mkono, kisha akamgeukia Bado kule mlangoni.

"Mkwe wangu, mbona fupi?"

Katika maisha yake yote ya kazi, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Bado swali hilo. Aliitoa kamera sandukuni. Halafu akampigia kaka yake, akamwambia atafute mtu mwingine, na kwamba kesho ana kichwa cha kinyozi.

Kisha akavuta kigoda karibu na mama, akafungua kompyuta na ile asubuhi yote, ndefu, haijakimbizwa, akaanza kuandika maneno yangu chini ya picha moja baada ya nyingine, mama akisoma na kucheka na kunibishia mambo ya zamani. Alipofika mahali akasimama kidogo kunyoosha vidole, mama akashtuka.

"Imekwisha?"

Bado akainama, akaandika chini ya picha, "Bado."

Mama akasoma, akajiegemeza vizuri kitini.