Mlio wa Gurudumu la Mbele

Mimi ni mshonaji, na sina subira na mlio nisioujua. Cherehani ikianza kugonga, sikai wala sili mpaka nijue ni sindano, ni mkanda, au ni kipande cha uzi kilichonasa. Mama alikuwa akisema nitakufa nimesimama. Basi fikirieni nilivyoteseka mwaka ule, miaka minne baada ya uhuru, waasi walipokuwa wameshika Uvira, na kamyoneti ya kaka yangu ikaanza kulia gurudumu la mbele, upande wa kushoto.

Kaka alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu na vitenge. Gari lake lilikuwa moja ya machache yaliyobaki mjini, maana waasi walichukua kila gari zima, na dereva wake wakamchukua pia, awapeleke vitani huko bonde la Ruzizi. Mpaka siku hizo hatukuwa tumemwona hata dereva mmoja aliyerudi. Lakini kaka alipita bariyeri ya Kalundu, kizuizi cha waasi barabarani, kila wiki na hakuna aliyemgusa. Tulisema ni Mungu. Mke wake, wifi yangu, alikuwa na mimba ya miezi minane, na mpango wetu ulikuwa mmoja: jeshi la serikali likikaribia, tunampakia yeye na mama, tunakimbilia kwa mjomba, huko Makobola.

Ndiyo maana mlio ule uliniondolea usingizi. Barabara ya Makobola ina mlima upande huu na ziwa upande ule. Kila nikifumba macho niliona gurudumu linachomoka na wifi anaingia majini na tumbo lake.

"Kaka, hii gari iko mgonjwa," nilimwambia. "Tuiangalie."

"Acha. Iko ugonjwa yake ya zamani."

"Ya zamani gani? Mwezi uliopita haikuwa inalia."

"Weye shona nguo zako," akasema, "minye niendeshe."

Mtu hanijibu hivyo halafu nikanyamaza. Nikaanza kupanda naye mpaka sokoni kwa visingizio vya kila namna, nikitega sikio. Kwanza nilishuku rulema, vile vigololi vinavyobeba gurudumu. Lakini rulema mbovu huzidi kuvuma gari likikimbia. Huu wetu ulikuwa kinyume: tukienda polepole, kra, kra, kra; tukiongeza mwendo, kimya. Wala hazikuwa breki, kwa sababu kaka akikanyaga mlio haukubadilika. Kuna kitu kinabingirika humo, nikasema moyoni. Kaka alinitazama kwa jicho la pembeni, akaanza kuimba ili nisisikie vizuri.

Ijumaa, alipokwenda msikitini, nikatoa kriki nyuma ya kiti na kuliinua lile gurudumu. Nikalishika juu na chini, nikalitikisa, halikucheza. Nikalizungusha taratibu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikashika mita yangu ya mbao, ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye chuma. Mlio haukutoka ndani. Ulitoka kwenye kifuniko, kile kisahani cha bati kinachoziba katikati ya gurudumu. Nikakibandua kwa bisibisi. Kokoto nne zikanidondokea miguuni, laini, za ziwani.

Nilijiuliza zimeingiaje humo. Nikajijibu: watoto wa jirani. Swali kubwa namna ile nikalimaliza kwa pumzi moja. Nikashuka ufukoni na kuzirusha moja moja, kila moja mbali kuliko iliyotangulia. Sijawahi kujiona fundi kama mchana ule.

Kaka alirudi kutoka msikitini mbio. Jeshi limeonekana bondeni. Tukampakia mama, tukampakia wifi na magodoro mawili, tukaondoka. Nilitamani kumwambia habari ya gurudumu, lakini nikaona nimwache ausikie ukimya mwenyewe.

Pale bariyeri ya Kalundu palikuwa na kijana wa waasi aliyezoea kutucheka. "Hiyo maiti yenu ingali inatembea?" alikuwa akisema, na kutupungia mkono tupite. Siku ile kaka alipunguza mwendo kama kawaida. Akapunguza tena. Akatoa kichwa dirishani, akaliinamia gurudumu. Mimi nilikuwa natabasamu. Hilo tabasamu sijajisamehe mpaka leo.

Kijana akainua mkono. Akasikiliza, akalizunguka gari, akapiga bodi makofi mawili.

"Leo iko mzima," akasema. "Wamama washuke. Weye bakia."

Kaka akashuka kumsaidia mke wake. Alipofika kwangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Weye ulifungua gurudumu?"

"Ndiyo, kaka."

"Mawe iko wapi?"

"Nilitupa mu ziwa."

Akajipangusa uso kwa kiganja. "Shika mama mkono," akasema.

Tulikwenda Makobola kwa miguu. Njiani wifi alinieleza yote bila kunitazama: kokoto aliweka kaka mwenyewe, ili waasi wadhani gari ni bovu, na mimi hakuniambia kwa kuwa alijua ningecheka mbele ya bariyeri. Ni kweli, ningecheka. Nililia mpaka mama akaniambia ninyamaze, nitamtisha mtoto tumboni.

Kaka alirudi mtoto huyo akiwa ameshaanza kutembea. Alirudi bila gari, amekonda, mguu mmoja anauburuta. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonichoma. Alinisalimu, aliniuliza afya, basi. Akanunua baiskeli ya kubebea samaki, kinga kama tunavyoiita kwetu, nayo ilikuwa inalia kwa mbele kama kifaranga. Nilikuwa na chupa nzima ya mafuta ya cherehani. Kila ikipita mlangoni nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, na sikuthubutu kutoka. Miaka mitatu niliusikia mlio ule asubuhi na jioni.

Kisha asubuhi moja haukupita. Ulisimama mlangoni. Kaka akaingiza baiskeli mpaka ndani, akaiegemeza kwenye meza yangu ya kushonea.

"Mdogo wangu," akasema, "hii kinga iko inalia kwa mbele. Uniangalilie."

Nikachukua mita yangu ya mbao, nikapiga magoti, nikaweka ncha moja sikioni. Sikusikia chochote kwa kulia. Kaka akavuta kiti, akakaa kunisubiri.