Mke Niliyemlilia Matanga Akiwa Hai

Jamani, mimi ni mkosaji. Sitaki mtu anitetee kwamba zilikuwa nyakati za vita, maana wengi walivuka vita hiyo hiyo na wake zao. Mimi wangu nilimpoteza kwa ukaidi, kisha nikaongeza uongo juu yake.

Wadachi walipochoma maghala yetu kule Songea, tulikaa porini tukila mizizi. Mke wangu alikuwa na mimba. Mjomba wake alikuwa amehamia ng'ambo ya mto Ruvuma, kwa Wareno, ambako mihogo ilikuwa bado ipo mashambani. Tukakata shauri kwenda huko, nchi ya watu, na njia yenyewe hatuijui vizuri.

Tulijiandaa kimyakimya. Alisaga ulezi wetu wa mwisho, akafunga mkeka na kibuyu cha maji. Askari walikuwa wameelekea upande wa Madaba, akaniambia tuondoke asubuhi ile ile. Nikakataa. Nilimwambia siwezi kuhama nchi bila kumuaga marehemu baba. Kwetu Wangoni mtoto wa kiume hatoki hivi hivi kama mwizi. Anamwaga unga kaburini, anapiga makofi, anasema anakokwenda.

Alinisihi sana. Alisema baba angetusikia hata tukiwa njiani. Nikamfokea! Eti mwanamke anifundishe mambo ya ukoo wetu.

Basi tukarudi kwenye mahame yetu. Mwanamke hakaribii kaburi la baba mkwe wake, hiyo ndiyo heshima yetu. Kwa hiyo nilimwacha njiani na mizigo, nikaenda peke yangu mpaka kwenye zizi la zamani alikozikwa baba. Nilikuwa nimepiga magoti, unga mkononi, nikasikia viatu. Askari wawili na rugaruga wao, mpiganaji wa kukodiwa. Nadhani walishajua kwamba watu hurudi makaburini.

Nikalala chini nyuma ya kaburi. Niliwaona wakimshika mke wangu mkono pale njiani, karibu kabisa, wakamuuliza yuko na nani.

“Niko peke yangu,” akasema. “Mume wangu alikufa vitani.”

Hakugeuka hata kidogo kuangalia nilipo. Wakamtwisha mizigo yetu wenyewe, wakamfunga kamba, wakaondoka naye. Na mimi nilikuwa na mkuki! Sikuinuka. Niliogopa, ndugu zangu, na nikisema kingine nitakuwa nadanganya tena.

Nilivuka Ruvuma peke yangu. Mjomba alikuwa ametujengea kibanda, amekikandika udongo. Akaniuliza mpwa wake yuko wapi. Nilishindwa kusema kwamba nilijificha. Nikasema alishikwa na homa njiani, amekufa, nimemzika. Mwenzangu alidanganya ili aniokoe. Mimi nilidanganya kwa sababu ya aibu tu.

Wakakaa matanga. Mke wa mjomba alininyoa nywele kwa mkono wake, akinibembeleza nisilie. Machozi yangu yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi.

Baada ya mavuno mengine akaja Myao mmoja wa Tunduru akiuza chumvi. Mjomba alikuwa shambani. Yule bwana akasema kule Kilwa, bomani, kuna mateka mmoja anayechota maji, mtoto mgongoni, na kila mtu wa kusini akipita humuuliza kama anamjua mjomba wake aliyeko kwa Wareno. Akamtaja mjomba kwa jina.

Mtoto! Nilitaka kuuliza ni wa kike au wa kiume. Ulimi ukasema jingine.

“Umekosea mtu, bwana. Huyo tulishamlilia.”

Akafunga chumvi yake, akaenda zake.

Ningemwambiaje mjomba? Na bomani ningeingiaje nisifungwe na mimi? Kila nikiamka nilisema leo nitamwambia. Jua lilizama sijasema. Mjomba amekufa akiwa ananisifu mbele za watu kwamba nilimzika mpwa wake vizuri.

Wenzangu, mkiwa wawili safarini msiachane, hata kwa ajili ya kumuaga marehemu. Yeye hana haraka. Na usimlilie mtu matanga ili kuficha woga wako, maana siku akisikika yu hai utakosa pa kuanzia. Mwanangu sasa ni mtu mzima, kama yupo, na kwa watu wote ninaoishi nao hapa hakuwahi kuzaliwa.