Kuwa Mfanyakazi wa Mama Mkubwa

Kijana wa kopia, yule mwenye meza ya kutoa nakala karibu na soko la Mocímboa, mji wetu wa pwani, ndiye aliyenihesabia pointi mara ya kwanza. Ana kompyuta, ana jenereta, na ana mdomo usiopumzika. Nilimwambia nataka kwenda Kanada kuoka mikate. Akacheka kama mtu aliyepewa mchezo mpya.

"Dada, huko barafu tupu. Mkate wako utaganda kabla ya kuiva."

"Nitauoka nimevaa koti."

Akafungua ukurasa wa uhamiaji wa Kanada, wanakopima watu kwa pointi, tukaanza. Umri: mzuri, ila nikichelewa sana pointi zitaanza kupungua. Shule: darasa la kumi na mbili nimelimaliza kwa kujisomea nyumbani, kwa taabu, basi hapo kidogo tu. Lugha: Kiingereza changu ni cha kuokoteza kwenye simu ya selulari. Akasema nikikaze, halafu niongeze Kifaransa, maana anayejua Kireno kama sisi hakimsumbui sana. Mimi najibu huku natabasamu peke yangu. Nilishajiona ndani ya padaria, duka la mikate lenye kioo kikubwa, theluji inaanguka nje, unga umenijaa mpaka kwenye nyusi, watu wamepanga foleni. Naota haraka mimi.

"Kazi?"

"Kuoka. Tangu msichana mdogo."

"Hapo ndipo penye pointi zako! Lete barua ya mwajiri tu. Iseme ulikuwa unafanya nini, saa ngapi kwa wiki, kwa mshahara gani."

Nikaondoka na furaha yangu. Nusu ya njia ikaniishia. Mwajiri? Sikuwa na mtu wa namna hiyo.

Niliyekuwa naye ni Mama Mkubwa. Hana damu na sisi, alikuwa jirani tu. Baba alipofariki, mama yangu mzazi alinipeleka kwake na kuku mmoja na mkeka mpya, akasema mbele ya watu, "Huyu mwanao. Mfundishe." Kwetu ndivyo mtoto anavyoingia kwenye ufundi. Hakuna anayeulizia malipo, unakula chungu kimoja na wenye nyumba, basi. Nililala chumba kimoja na binti zake mpaka wakaolewa. Vita ilipokuja tulikimbia pamoja, na kule Pemba, mji mkubwa wa jimbo letu, tukaoka ndani ya pipa la chuma ili tupate kula. Tuliporudi tukakuta tanuru limebomoka, tukalijenga upya kwa udongo, mimi na yeye. Kila Idi alinipa kapulana ya kujifunga, sawa na za binti zake. Mshahara? Nani anamlipa mwanawe mshahara?

Nilimwambia alfajiri moja, tunakata madonge.

"Mama Mkubwa, naomba barua."

"Ya nini?"

"Kwamba mimi ni mfanyakazi wako."

Kisu chake kikasimama. "Nimekukosea nini, mwanangu? Binti zangu wamekusema?"

"Hapana, ni kwa ajili ya Kanada."

"Mfanyakazi namjua. Mleta kuni ni mfanyakazi. Anakuja, analipwa, anakwenda zake. Wewe uliniosha nilipokuwa sijiwezi kwa malaria, leo nikuandike pamoja na mleta kuni?"

Nilidhani yameisha. Kumbe alikwenda kwa mwalimu mmoja, akaandikiwa barua kwa Kireno safi, akaitia sahihi. Alinikabidhi kwa mikono miwili. Nilikimbia nayo hadi sokoni, na kijana wa kopia akaisoma kwa sauti:

"Huyu ni mwanangu. Sijamfanya mtumishi hata siku moja. Anakula ninachokula. Mikate yake sasa inashinda yangu. Mumpokee vizuri, anaogopa radi."

Akaiweka mezani taratibu. Kwa mara ya kwanza sikumsikia akitania.

"Barua nzuri hii, dada. Nimemkumbuka bibi yangu. Lakini haikupi hata pointi moja. Imekunyang'anya zote." Akanieleza kwamba wao wanahesabu kazi ya kulipwa tu. Kumsaidia mama nyumbani, hata miaka mingapi, kwao si kazi. "Tuandike nyingine. Tarehe za nyuma, mshahara wa kubuni. Nani atajua?"

"Wakimpigia simu?"

"Si utamwelekeza aseme nini?"

"Atawaambia mfanyakazi sina, nina mwanangu. Kisha atawagombeza Wakanada wote kwa kumwita mwanawe mtumishi."

Tulicheka sana. Yeye akaacha, mimi nikashindwa kuacha, na kicheko kikageuka kilio pale pale mbele ya watu wenye kopia zao. Akanisogezea kiti.

Njia iliyobaki ilikuwa moja: kuanza sasa, Mama Mkubwa aniajiri kweli. Kontratu, yaani mkataba wa kazi, saa zinazojulikana, mshahara wa kila mwezi kupitia selulari ili kumbukumbu zibaki. Mwaka mzima kwanza, ndipo waanze kunihesabia. Pipa la Pemba, tanuru la udongo, utoto wangu wote, hayo niyaache kando.

Nilimweleza Mama Mkubwa bila kuficha kitu. Siku kadhaa baadaye akaniuliza, "Bila hiyo hawakuchukui?"

"Hawanichukui."

"Na wakikuchukua, utarudi?"

"Nitakuja kukuona."

"Sikuuliza kuja kuniona."

Alijifunga kanga, akaenda mwenyewe kwa kijana wa kopia, akamuuliza masharti yote, akarudi na kontratu. Mama Mkubwa hafanyi jambo nusunusu. Akilishika kalishika.

Mwanzoni niliona kama mchezo. Mteja akiuliza, "Huyu binti yako?", anajibu, "Huyu ananifanyia kazi," nami nageuza uso nicheke. Baada ya wiki chache kicheko hakikuja tena. Chakula tulikula pamoja kama zamani, lakini chumvi ikizidi hakunisema, kama mtu anavyomstahi mgeni.

Mwisho wa mwezi tulikuwa tumekaa mezani, yeye upande ule, mimi upande huu. Akabonyezabonyeza selulari yake, yangu ikalia. Ulikuwa mshahara wangu wa kwanza maishani. Kwetu, mtoto akipata mshahara wa kwanza huuweka kwenye mapaja ya mama yake, naye humwombea dua. Mama yangu mzazi hayupo tena. Nilikuwa nimeiwaza saa hiyo tangu kontratu.

"Mama Mkubwa," nikasema, "nikurudishie wewe, uniombee."

"Itaonekana."

"Basi nizitoe, nikupe mkononi."

"Kijana amesema zisirudi kwangu kwa njia yoyote. Wakiona zimerudi watasema hukulipwa." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira ningejua la kufanya.

Akainuka, akakusanya masinia na kwenda nayo uani kuyaosha. Masinia tulikuwa tukiyaosha pamoja siku zote, yeye anasugua, mimi nasuuza. Nikasimama kumfuata.

"Kaa," akasema bila kugeuka. "Saa zako zimekwisha."